Muulize Fundi: Maneno ya vita kwenye bapa la kisu

Mwezi huu nina barua nne, zote za matangazo ya visu na bunduki. Nimezifupisha kidogo bila kugusa maana ya walioziandika.

Shikamoo Fundi. Kazi yangu ni kupakia na kupakua mizigo ghalani. Natafuta kisu cha kukunja cha kukatia kamba, plastiki na maboksi. Nimekutana na tangazo linalosema: "Kisu cha kikomando kwa operesheni maalumu. Chuma cha upasuaji. Mpini wa aluminiamu ya ndege. Daraja la kijeshi, kimethibitishwa vitani." Picha ni ya askari aliyeziba uso, nyuma yake moto unawaka. Je, nikinunue? — Mpakiaji

Marahaba, mwanangu. Nimelisoma tangazo lako mwanzo mpaka mwisho nikitafuta mambo manne ambayo mnunuzi wa kisu anapaswa kuambiwa: chuma chake ni kipi, kimekomazwa kufikia ugumu gani, bapa lina unene gani, na kifungio kinachozuia kisu kisijikunje juu ya vidole vyako ni cha namna gani. Hata moja halimo. Kuna askari, kuna moto, kuna vita, na mtu anayekata kamba kutwa nzima hapati hapo kitu cha kumsaidia kuamua.

Tuanze na chuma cha upasuaji. Hakuna chuma kimoja chenye jina hilo. Wauzaji wanalibandika kwenye vyuma vinavyotofautiana kabisa. Kipo kinachoitwa 316L, kinachotengenezewa baadhi ya vipandikizi vya mwilini kwa sababu hakishiki kutu kirahisi. Kaboni yake haizidi asilimia 0.03, kwa hiyo hakikomai kwa moto, na ukikifanya kisu makali yake yanakufa upesi. Ipo pia familia ya 440, ambayo ni chuma cha visu kweli. Lakini 440A ina kaboni ya asilimia 0.60 hadi 0.75, wakati 440C ina 0.95 hadi 1.20, na tofauti hiyo utaiona siku makali yanapodumu au yanapokufa mapema. Tangazo likiandika "440" bila herufi, herufi iliyoachwa ndiyo habari uliyokuwa unaihitaji. Na fikiria kisu cha daktari mpasuaji chenyewe: bapa lake kwa kawaida hutumika kwa mgonjwa mmoja, kisha linatupwa. Halikuundwa kustahimili wiki nzima ya maboksi.

Jina la chuma peke yake pia halitoshi. Chuma cha kisu hupashwa moto mkali, huzimishwa ghafla, kisha hupashwa tena kwa moto mdogo ili kisiwe kama kioo. Fundi akikosea hapo, 440C nzuri kabisa inakuwa kisu kibaya. Matokeo ya kazi hiyo hupimwa kwa kipimo cha Rockwell: ncha ya almasi yenye umbo la pia hukandamizwa kwenye chuma kwa mzigo wa kilo 150, kisha kinasomwa kina ilichozama. Visu vingi vizuri vya kazi huangukia kati ya 56 na 62. Chini ya hapo makali yanalegea, na ukipanda sana juu yake chuma kinaanza kumeguka. Mtengenezaji anayejiamini huandika jina la chuma na namba ya ugumu pamoja.

Aluminiamu ya ndege mara nyingi ni ile iitwayo 6061, iliyochanganywa na magnesi na silikoni. Ni kweli imo kwenye ndege. Imo pia kwenye fremu za baiskeli. Ni metali nzuri kwa mpini na sina ugomvi nayo. Mwenye nia ya kukueleza angeandika "6061-T6", hiyo T6 ikiwa ni namna ilivyokomazwa kwa moto, akanyamaza.

Neno linaloniudhi kuliko yote ni hilo la daraja la kijeshi, na hapa nitakaa kidogo. Jeshi halina ngazi moja ya ubora ambayo kitu hupanda kikafika juu. Lina nyaraka za vipimo, kila kitu na waraka wake, na ukizisoma utaona zilivyo kavu: urefu kiasi fulani, uzito usiozidi kiasi fulani, chuma cha namna fulani, ugumu kati ya namba hii na ile, vipande vingapi vichukuliwe kwenye shehena vikajaribiwe. Sifa hazimo. Anayekwambia bidhaa yake ni ya daraja la kijeshi bila kutaja waraka gani hajakupa jambo unaloweza kulikagua. Na hata akiutaja, waraka huo unaeleza kiwango ambacho chini yake kitu kinakataliwa. Hausemi kwamba kilichopita ndicho bora kuliko vyote. Tena mwaka 1994 William Perry, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani, aliagiza jeshi lake liache mazoea ya kudai vipimo vya kijeshi na litumie vya kibiashara kila inapowezekana, kwa sababu vile vya kijeshi vilikuwa vinaongeza gharama na kulichelewesha kupata teknolojia ya kiraia. Yaani wakubwa wenyewe wa jeshi waliona kwamba mara nyingi kitu cha sokoni kinatosha, huku sokoni tukiuziwa kwa jina la jeshi.

Utakutana pia na MIL-STD-810, hasa kwenye tochi, saa na simu. Huo ni waraka halisi wa Marekani, ulianza mwaka 1962, na unaeleza namna ya kujaribu vifaa kwa joto, baridi, vumbi, mtikisiko na unyevu. Ila hakuna ofisi ya jeshi inayotoa cheti kwa bidhaa za dukani. Mtengenezaji anachagua mwenyewe majaribio ya kufanya, na anaweza kuchagua machache. Wengine hujivunia namba ya ghala ya NATO, yenye tarakimu 13. Namba hiyo inaonyesha kwamba kitu kimeingizwa kwenye orodha ya ugavi, na orodha hiyo ina vifaa vya ofisini na vya usafi pia.

Sasa hili la kuthibitishwa vitani. Mwaka 1891 jeshi la Uswisi lilianza kuwapa askari wake kisu cha kukunja chenye vitu vinne: bapa, kitoboleo, kifungulia kopo na bisibisi. Bisibisi ilikuwa ya kufungulia bunduki yao mpya, na kifungulia kopo kilikuwa cha chakula chao. Hicho ndicho kisu cha jeshi kilichojulikana zaidi duniani. Hata kile cha kikosi cha Marine cha Marekani kilichopitishwa mwaka 1942, ambacho wengi wanakiita Ka-Bar, chenye bapa la inchi 7 na mpini wa vipande vya ngozi vilivyobanwa pamoja, kilibuniwa kwa mapigano kweli, lakini askari waliokibeba walikitumia sana kufungulia makopo, kuchimbia na kukatia kamba. Chuma chake ni 1095, chenye kaboni karibu asilimia 1, na kisipopakwa mafuta kinashika kutu. Askari alihitaji kisu cha kazi, sawa na wewe.

Kwa hiyo usikinunue. Tafuta chenye bapa fupi lisilo nene, chuma kilichotajwa kwa jina kamili, ugumu ulioandikwa, na kifungio ambacho hakichezi ukikifungua na kusukuma mgongo wa bapa kwa kiganja, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Na kabla hujakitoa nje ya ghala, ulizia sheria inasemaje kuhusu kutembea na kisu. Maneno ya kikomando yaliyochongwa kwenye bapa hayatakusaidia mbele ya askari polisi anayekuuliza una shida gani nacho.

Fundi, muuzaji kaniambia ule mfereji ubavuni mwa kisu kikubwa ni wa kupitisha damu ili kisu kichomoke mwilini. Na meno ya mgongoni ni ya kukatia miti porini. Ni kweli? — Mdadisi

Mfereji ule kazi yake ni kupunguza uzito wa bapa bila kulidhoofisha sana. Wahunzi wa panga na visu walikuwa wanafanya hivyo karne nyingi zilizopita. Habari ya damu ni uongo, na inanisikitisha kwamba inasemwa kwa kujivunia, kana kwamba kufikiria mwili wa mtu ndiyo njia ya kusifu chombo.

Kuhusu meno, chukua msumeno wa mbao uutazame kwa ncha. Jino moja limepindishwa kulia, linalofuata kushoto. Hivyo njia unayoikata inakuwa pana kuliko bapa, na vumbi la mbao linatoka. Meno ya mgongoni mwa visu vingi vya aina hii hayajapindishwa. Yanaingia mtini kidogo, kisha bapa linabanwa. Na ubaya zaidi ni kwamba yanakunyima mgongo wa kisu, mahali unapoweka kidole gumba unapokata kwa nguvu, au unapogonga kwa gogo unapopasua kuni.

Kisu kimoja cha namna hiyo kililetwa mezani kwangu kwa sababu mpini ulikuwa unacheza. Bapa jeusi tii, meno mgongoni, fuvu la mtu karibu na mpini. Niliondoa skrubu mbili nikavua plastiki ya mpini, nikaukuta msuka, ule mkia wa chuma unaoingia mpinini. Ulikuwa mwembamba kama kidole cha mwisho, haufiki hata nusu ya mpini, tena haukutoka kwenye kipande kimoja na bapa. Ulikuwa umechomelewa, na mahali pa kuchomelea palikuwa na ufa unaoonekana kwa macho. Nikapitisha tupa taratibu karibu na makali. Kwenye chuma kilichokomaa tupa huteleza na kutoa mlio mkali, mwembamba. Hapa iling'ata na kuacha ungaunga wa chuma kwenye kitambaa, ishara kwamba chuma kilikuwa laini. Rangi nyeusi ilikuwa imeshabanduka kote kulikoguswa na kazi. Nilimwambia mwenye kisu asikitumie tena hata kwa kazi ndogo, maana bapa linaloruka kutoka mpinini halichagui linapoangukia. Kwenye boksi lake kulikuwa na maneno ya kwamba kimeundwa kwa ajili ya siku ya mwisho wa dunia. Kuhusu msuka boksi lilikuwa kimya.

Habari za kazi, Fundi. Nina kijana wa miaka 16. Kutwa anaangalia matangazo ya bunduki za Marekani. Anayajua majina yote na anayarudia maneno yao: "mtawala wa uwanja", "usiwe mnyonge", na mengine kama hayo. Hana bunduki na hatutakuwa nayo nyumbani. Je, nina haki ya kuogopa maneno tu? — Mama Mwenye Wasiwasi

Dada yangu, unayo haki, na si wewe peke yako uliyeliona hilo.

Tarehe 14 Desemba 2012, kwenye shule ya msingi ya Sandy Hook katika jimbo la Connecticut, kijana wa miaka 20 aliua watoto 20 na watu wazima 6 kwa bunduki aina ya Bushmaster, iliyokuwa chini ya kampuni ya Remington. Chapa hiyo ilikuwa imewahi kutoa tangazo lenye picha ya bunduki na maneno yanayomwambia mnunuzi kwamba sasa kadi yake ya uanaume imetolewa upya, yaani akiinunua anahesabiwa tena kuwa mwanamume. Baadhi ya familia za waliouawa zilikwenda mahakamani, na jambo walilolisimamia ndilo hilo unalouliza wewe: maneno na picha zilizotumika kuuza.

Haikuwa njia rahisi. Tangu mwaka 2005 Marekani ina sheria ya shirikisho inayowakinga watengenezaji wa silaha wasishtakiwe kwa uhalifu unaofanywa na watu wengine kwa silaha zao. Lakini sheria hiyo imeacha milango michache, na mmoja wake ni huu: kampuni iliyovunja kwa kujua sheria zinazohusu uuzaji na utangazaji wa silaha inaweza kushtakiwa. Familia zikapita hapo, zikisema kwamba kuitangaza bunduki ya namna ile kwa raia kama chombo cha kushambulia na cha kuthibitisha uanaume ni kinyume cha sheria ya biashara ya Connecticut. Mwezi Machi 2019 Mahakama ya Juu ya jimbo ikakubali dai hilo lisikilizwe. Halikufika kwenye hukumu. Mwezi Februari 2022, Remington ikiwa imeshafilisika, kampuni za bima zake zilikubali kulipa dola milioni 73, na familia zikapata pia haki ya kuyatoa hadharani makaratasi ya ndani ya kampuni waliyokuwa wameyapata. Hilo la makaratasi nalithamini kuliko fedha, kwa sababu maneno ya tangazo hayajiandiki. Kuna watu wanaokaa mezani wakachagua ni hofu ipi ya kijana waiguse.

Mwanao ana umri ambao mtu anajiuliza kila siku kama anatosha. Tangazo linamjibu kwamba hatoshi, kisha linamwonyesha kitu cha kununua. Ndiyo maana sikushauri umnyang'anye simu na kumfokea, atalisikia tangazo likisema kweli kwamba watu wanamdharau. Kaa naye. Mwambie akuonyeshe analolipenda zaidi, mlisome pamoja polepole. Muulize adui anayetajwa humo ni nani. Muulize kama tangazo linasema silaha hiyo itafungiwa wapi usiku, nani asiifikie, na risasi zikae wapi. Hayo ndiyo mambo ya kwanza ambayo mtu anayeishi na silaha kihalali lazima ayajibu.

Kwa kuwa anapenda ufundi, mpe ufundi wenyewe. Bunduki za AR-15 wanazouziwa raia hutoa risasi moja kila kifyatulio kinapovutwa, wakati M16 na M4 za jeshi zina swichi ya kufyatua mfululizo. Tangazo linazipiga picha kwa namna ambayo tofauti hiyo inapotea, kwa sababu linamuuzia raia sura ya askari. Kijana mwenye akili akishaona mahali anapodanganywa, hakubali kirahisi kudanganywa tena hapohapo. Na akionyesha kwamba anapenda chuma, mtafutie fundi wa kumfundisha kukishika. Kijana anayeweza kugeuza kipande cha chuma kuwa patasi nzuri ana jambo la kujivunia ambalo hakuuziwa.

Ila kama kuna kitu zaidi ya matangazo, kama anazungumzia kumuumiza mtu au kujiumiza mwenyewe, usisubiri gazeti. Mtafute leo mtu wa kukusaidia: mwalimu wake, daktari, ndugu anayemwamini.

Mzee wangu, mimi nauza visu mtandaoni, tena visu halali vya kazi. Kila mshindani wangu anaandika "kikomando" na "kijeshi". Nikiacha maneno hayo sitauza. Niandike nini? — Muuzaji

Nakushukuru kwa kuuliza waziwazi. Najua hali ya soko na sikulaumu kwa kuogopa.

Kwanza ujue kwamba kuna nchi ambazo maneno hayo yanaweza kukupeleka kizimbani. Uingereza ilitunga Sheria ya Visu mwaka 1997, na chini yake ni kosa kukitangaza kisu kwa namna inayoonyesha kwamba kinafaa kwa mapigano, au inayoweza kuchochea ukatili. Kisu kinaweza kuwa halali kabisa na tangazo lake likawa kosa. Mwaka 2016 wakapiga marufuku England na Wales visu vilivyoitwa vya zombi, jina la maiti wanaotembea kwenye filamu, na moja ya alama za kuvitambua ilikuwa maneno au picha za ukatili kwenye bapa au mpini. Wauzaji wakafuta maneno wakaendelea kuuza mabapa yaleyale. Ikabidi Septemba 2024 sheria ipanuliwe ifuate umbo lenyewe: urefu wa bapa unaozidi inchi 8, ncha kali, pamoja na mambo kama meno ya namna fulani, miiba, au matundu zaidi ya moja. Ukiuza mtandaoni mteja wako anaweza kuwa popote, kwa hiyo lichunguze hilo kabla hujapeleka mzigo.

Pili, fikiria ni mteja gani maneno hayo yanakuletea. Anayenunua kwa sababu ya neno "komando" atarudi kwako na malalamiko siku kisu kitakaposhindwa kazi ambayo hakuna kisu kinachoiweza. Anayenunua kwa sababu umemweleza chuma, atarudi kutafuta cha pili.

Ungeniletea kisu cha kukunja cha kawaida, 440C, mimi ningekiandikia hivi:

"Kisu cha kukunja cha kazi. Bapa sentimita 8, unene wa mgongo milimita 3. Chuma 440C, ugumu 58 kwa Rockwell. Kifungio cha bamba ndani ya mpini. Mpini wa aluminiamu 6061-T6, skrubu zinafunguka kwa usafi. Kinakata kamba, maboksi, plastiki na ngozi. Hakifai kubandulia wala kupigiliwa kwa nyundo. Kikipata maji ya chumvi kioshe na ukikaushe. Kikiwa butu kinanoleka kwa jiwe la kawaida. Hakiuzwi kwa watoto."

Namba hizo ziwe za kisu chako kweli, si zangu. Kama mtengenezaji hakukupa ugumu, mwandikie umuulize. Akikataa kukuambia, acha kuuza kisu chake. Na kwa visu visivyokunjwa, vua mpini wa kimoja upige picha ya msuka, uiweke iwe ya kwanza kabisa, kabla ya ile ya bapa.